Feni ya Kuvuta, Feni ya Kusukuma

Baba alikuwa akisema feni ikikosea upande, ni afadhali isiwepo. Alisema hivyo juu ya magari. Alikuwa fundi wa rejeta pale Kondele, mjini Kisumu, kwenye kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa duka la vipuri, na mimi nilikua nikimshikia koleo. Alinifundisha kwamba feni ya kuvuta hukaa nyuma ya rejeta na kuunyonya upepo upite katikati ya mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kutolea joto. Feni ya kusukuma hukaa mbele na kuupiga upepo uingie. Zote hupoza. Lakini ukiifunga moja mahali pa nyingine, gari likianza kukimbia feni itapigana na upepo wa barabara, na maji yatachemka huku unaiona feni inazunguka vizuri kabisa.

Niliacha shule darasa la saba, mama alipoanza kuugua na mtu wa kukaa naye akakosekana. Kumbe baba ndiye aliyetangulia kufa. Mama alimfuata kabla mvua za mwaka huo hazijarudi. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, kwa hiyo nilirithi kibanda, jiko la kuyeyushia risasi ya kuzibia matundu, na wateja wachache ambao hawakuona vibaya msichana kuwazibia rejeta. Wengine walikuwa wakifika, wananiangalia nikiwa nimechuchumaa kando ya moto, na kuuliza, "Fundi ameenda wapi?" Nikijibu kwamba fundi ni mimi, wanasema watarudi.

Walionifuata walikuwa wawili. Mvulana alikuwa ndiyo kwanza ameingia sekondari ya kutwa, mrefu, mwenye macho ya mtu anayehesabu kitu kichwani. Msichana, kitinda mimba wetu, alikuwa bado akilala na kipande cha leso ya mama amekishika ngumini.

Baada ya kumzika mama, wazee walikaa nyumbani kwetu kijijini kuamua mambo. Baba mdogo, ndugu yake baba anayemfuata, alikuwa na duka Nyamasaria. Shangazi alikuwa akinunua na kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, kule Usenge. Ilisemwa mvulana aende Nyamasaria na msichana aende Usenge. Juu yangu hapakusemwa mengi.

"Wewe utaolewa," shangazi alisema, kama mtu anayeonyesha mahali pa kuweka kiti.

"Mimi siolewi mwaka huu," nilisema.

"Nani ametaja mwaka? Nyumba ya msichana ni ya kupita, nyathina, mwanangu. Hawa watoto utawaacha na nani ukipita?"

"Basi sitapita."

Watu walicheka, hata waliokuwa wakilia asubuhi. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililokuwa gumu kwake na kwangu. Alisema tupewe muda mpaka shule zifungwe mwisho wa mwaka. Nikiweza kuwalisha na kuwasomesha bila kubisha mlango wa mtu, watakaa nami. Nikishindwa, watachukuliwa, na sitafungua kinywa. Nilikubali mbele ya watu wote. Kuanzia siku ile, kila nilichofanya nilikifanya kwa ajili ya hilo.

Tulikuwa tukikaa katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, upande wa chini wa mji, ambako dirisha la nyuma lilitazama ziwa. Ziwa lenyewe miaka ile lilikuwa limefunikwa na magugu maji hata ukadhani ni shamba. Kazi ya rejeta nayo ilikuwa ikifa. Magari yaliyokuwa yakiingia nchini yalikuja na rejeta za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki, na plastiki haishiki risasi. Mtu alikuwa akileta rejeta ya namna hiyo, naigeuza mikononi, namrudishia. Kuna majuma niliyokaa kibandani bila kuwasha moto.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia nyumbani.

Ndugu yangu alikuwa akienda Jumamosi kufagia na kubeba mizigo katika duka la Mhindi mmoja mjini, aliyekuwa akiuza na kutengeneza taipureta na sasa ameanza kompyuta. Yule mzee alimpa mashine moja iliyomshinda. Ilikuwa ikifanya kazi kwa muda mfupi halafu inaganda. Ndugu yangu aliileta nyumbani kwa mkokoteni, imefunikwa kwa gunia, na skrini yake ameikumbatia kifuani.

Aliipenda kupita kiasi. Alisoma kila kikaratasi alichookota dukani, akajua kwamba ndani, kwenye ule ubao, kuna vibanio vidogo kama kucha za mtoto, na ukivihamisha mashine inakimbia kuliko ilivyotengenezwa kukimbia. Alivihamisha. Sasa gemu mpya za mpira na za mbio za magari, ambazo hata mashine za dukani zilizicheza kwa kukwama, zilikimbia kwetu kama maji. Kwa dakika chache. Kisha kile kipande cha katikati kinachofanya hesabu zote kilikuwa kikipata moto, hata ukikigusa unanyonya kidole, na picha inaganda.

Alikuja kibandani akiwa bado na sare.

"Dada, gari likichemka unaangalia nini?"

"Maji kwanza. Halafu feni."

"Na gari lisilo na rejeta?"

"Hilo ni pikipiki."

"Basi nyumbani tuna pikipiki inayojiona lori," alisema. "Nataka uiwekee rejeta."

Nilicheka, nikamwambia aende akale. Hakwenda. Alikaa juu ya debe akanieleza: vijana wa mtaa wangelipa kucheza, na hakukuwa na mahali pengine upande ule wa mji penye gemu kama hizo. Tukiweza kuizuia isichemke mchana kutwa, nyumba italishwa nayo. Hakutaja baba mdogo. Hakukuwa na haja.

Nikachukua bati la shaba kutoka kichwa cha rejeta kuukuu, nikakata na kuchomelea kijisanduku kidogo kama kiberiti, chenye mdomo wa kuingiza maji na wa kutoa. Kilikaa juu ya kile kipande chenye moto, kimebanwa kwa waya. Rejeta tuliyotumia ni ile ndogo ya hita, inayofichwa ndani ya dashibodi ya gari ili kuwapa joto watu wa huko Limuru. Kisumu hakuna anayeihitaji, na mafundi walikuwa wakiitupa. Pampu ilitoka kwenye tangi la samaki wa mapambo la hoteli moja iliyofungwa. Maji yalikuwa ya mvua, tuliyoyachemsha na kuyachuja kwa kitambaa, kwa sababu ya bombani siku nyingine yalikuja na rangi ya chai.

Siku ya kwanza hatukuthubutu kuiwasha kompyuta. Tuliwasha pampu peke yake, na sisi watatu tukapiga magoti tukitazama viungo, mtoto ameshika kitambaa. Hapakuvuja. Nakumbuka kitinda mimba alisema maji yanaenda kumtembelea kompyuta na kurudi kutuambia habari zake.

Lakini habari yalizoleta zilikuwa mbaya. Maji yaliubeba moto yakaufikisha kwenye rejeta, na pale ukakaa. Rejeta bila upepo ni sufuria tu.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta feni, na hilo lilitumeza kuliko kazi yote ya shaba. Ndugu yangu alileta feni ndogo kutoka kwenye mashine ya kutoa fotokopi, kimya kabisa, na alikuwa ameshaipenda. Nilimwonyesha mapezi ya ile rejeta. Yalikuwa yamekaribiana kama meno ya kitana cha chawa.

"Hii feni yako inapuliza uso," nilimwambia. "Hapa tunahitaji inayopuliza kifua. Itafika kwenye mapezi, itachoka, itarudi."

"Tuweke kubwa basi. Ile ya matatu."

Tulijaribu ile ya matatu, yenye mapanga ya chuma. Ilipowashwa iliitembeza meza mpaka ukutani, na upepo wake ulitawanyika pembeni na kupindua daftari zote. Kubwa si sawa na yenye nguvu. Mwishoni tulipata mbili zilizofanana, za kipulizio cha joto cha gari dogo, nene kuliko zilivyokuwa pana, zenye mapanga mengi mafupi. Hizo zilikuwa na msukumo. Zilitumia umeme wa betri ya gari, kwa kuwa umeme mdogo wa ndani ya kompyuta haukuziweza. Betri nilikuwa nayo ya kibandani, na nikawa naipeleka kituo cha petroli kuchajiwa.

Tulifunga moja mbele ya rejeta na moja nyuma. Tukawasha. Maji yakazidi kuchemka.

Ndugu yangu aliamini moja ni mbovu. Mimi nilikwenda jikoni nikaleta dawa ya mbu, ile ya kuzunguka kama konokono, nikaiwasha na kuisogeza mbele ya feni ya kwanza. Moshi ulivutwa ndani. Nikaupeleka kwa ya pili. Nao ukavutwa ndani. Katikati ya rejeta moshi ulisimama, halafu ukatoka pembeni pole pole kama watu wanaotoka kanisani.

"Zote zinasukuma," nilisema. "Zinapigana."

"Lakini nimefunga waya sawasawa."

"Waya ni sawa. Ni kama mimi na shangazi kwenye kikao. Kila mmoja anapuliza kwa nguvu na hakuna kinachopita."

Nikaigeuza ya nyuma ili ivute. Nikakata debe la mafuta ya kupikia nikatengeneza kava la kuifunga feni na rejeta pamoja, ili upepo usipate njia ya kando, nikaacha nafasi ya upana wa kidole gumba kati ya mapanga na mapezi, kwa sababu feni ikibandikwa kabisa inapuliza duara tu na pembe zinabaki na moto. Moshi ukaingia mbele, ukatoka nyuma umenyooka. Ndugu yangu alikaa kwenye sakafu akausogeza ule moshi huku na huku muda mrefu, hata dawa ikaisha.

Ikabaki kuamua upande wa kutazama. Kwanza tuliielekeza rejeta kwenye dirisha la nyuma, joto litokee upande wa ziwa. Asubuhi ilikwenda vizuri. Mchana kila kitu kikapanda joto, na tulishangaa, ilhali tumezaliwa hapa. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka, ziwa linaurudisha. Feni zetu zilikuwa zikisukuma dhidi ya ziwa zima. Kuchukua upepo kutoka dirisha lile lile pia kulikuwa na ubaya wake, kwa sababu ya visubi. Kila mtu wa huku anawajua: huinuka juu ya maji kama moshi wa treni, na jua likishuka huja mjini kwa wingu kufuata taa. Hawaumi. Huingia tu puani, kwenye chai, kwenye mboga. Kwa hiyo dirisha la nyuma tulilifunga kwa ubao. Tukavuta hewa kutoka upande wa ua, kwenye kivuli, na joto tukalitoa juu kwenye matundu ya ukuta. Feni zile mbili zilikuwa na nguvu za kuifanya kazi hiyo bila msaada wa ziwa.

Basi nyumba yetu ikajaa. Vijana walikuja baada ya shule na Jumamosi kutwa, wakakaa juu ya kitanda, juu ya debe, juu ya ndoo. Waliita mashine yetu "Mlevi" kwa sababu ilikunywa.

"Huyu Mlevi leo amekunywa ngapi?"

"Muulize fundi wake. Fundi, hebu mpime mafuta pia."

"Omera, wewe umefungwa mabao hata mamako akisikia atahama. Usisingizie mashine."

Niliwasikiliza kutoka chumba cha pili nikisonga ugali. Kulikuwa na unga. Kitinda mimba alikwenda shule na viatu. Baba mdogo alipita siku moja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akatazama wale vijana, yale mabomba na zile feni. Aliuliza kama ni halali. Nikamwambia ni kompyuta tu. Alikula, akashukuru, na alipokuwa akitoka alisema, "Naona mnasimama." Nililala na maneno hayo majuma mengi.

Muhula wa tatu ulikuwa umeanza kuelekea mwisho aliporudi. Hakuketi. Mzee mmoja wa ukoo alikuwa amefariki, mtu aliyechimba kaburi la baba yetu kwa mikono yake. Kulikuwa na matanga, watu walikuwa wameanza kufika, na palihitajika vipaza sauti kwa ajili ya wahubiri na nyimbo.

"Umeme kule hakuna, unajua," baba mdogo alisema. "Nimekuja kuomba betri."

Ndugu yangu alikuwa amekaa mbele ya mashine. Aligeuza shingo akaniangalia.

Sijui nieleze vipi kwa mtu asiyetoka kwetu. Kuna vitu vingi unavyoweza kumnyima ndugu. Unaweza kumnyima baiskeli, unaweza kumnyima shamba mpaka mkafika kwa chifu. Lakini kitu kikiombwa kwa ajili ya maiti, kimeshatoka mkononi mwako kabla hujajibu. Tulipomzika baba, sufuria zilizopika zilikuwa za watu, maturubai yalikuwa ya watu, hata shati alilozikwa nalo liliazimwa na halikurudi. Hakuna aliyeuliza atafanyaje bila kitu chake. Na mtu aliyekuwa amelala kule kijijini alikuwa ameingia ndani ya kaburi la baba na jembe.

"Itarudi lini?" ndugu yangu aliuliza.

"Tukishazika," baba mdogo alisema.

Nikafungua waya mwenyewe, nikampa.

Kwa Jumamosi iliyofuata ndugu yangu alikuwa ameshatangaza mashindano ya gemu ya mpira. Vijana wangekuja kutoka Kondele, wengine kutoka Nyamasaria. Nilimwambia aahirishe.

"Nikiahirisha watasema Mlevi amekufa," alisema. "Kule juu kuna mtu amefungua chumba chenye mashine mbili. Wakienda mara moja, dada, hawarudi."

Nilijua ni kweli. Nilikwenda kuuliza betri kwa mafundi wenzangu, na kila mmoja aliyekuwa nayo ilikuwa ndani ya gari la mtu. Jirani, mama aliyeimba kwaya, alituazima feni ya mezani, ile ya kugeuza shingo huku na huku. Tuliinyima kugeuka kwa kuifunga shingo na kamba. Nikaisogezea moshi wa dawa ya mbu. Ilipeleka upepo mpana, laini, uliofika kwenye mapezi na kurudi nusu. Ilikuwa feni ya kumpoza mtu.

"Peke yake haitoshi," nilisema.

Ndugu yangu alitazama dirisha la nyuma. "Na ziwa likiisaidia?"

Tukabandua ubao. Tukageuza rejeta itazame dirisha, feni ya mezani tukaiweka dirishani mbele yake, iwe ya kusukuma, ili upepo wa mchana uingie mgongoni mwa feni na wao wawili wasukume pamoja. Niliweka mkono kwenye bomba la kurudisha maji. Lilikuwa vuguvugu tu. Mchana wote ule ilikwenda hivyo, na nakiri nilianza kuamini. Chumba kilijaa hata wengine wakasimama uani wakisimuliwa mchezo kupitia mlangoni. Kijana mmoja wa Nyamasaria alifungwa vibaya, akasema viwanja vya kwetu vina unyevu.

Jua lilipoanza kushuka, mtoto ndiye aliyewaona kwanza. Alikuwa dirishani. "Dada, ziwa linafuka moshi."

Visubi walikuja wachache, kama kawaida, wakatua kwenye skrini na vijana wakawafukuza kwa vitabu. Kisha wakaja wote. Chumba kilikuwa na mwanga na dirisha lilikuwa wazi, na hapo hapo tulikuwa tumeweka feni ya kuwakaribisha. Waliingia katika upepo kama pumba, wakapigwa moja kwa moja kwenye mapezi ya rejeta, wakabanana humo mmoja juu ya mwingine. Rejeta ikaota manyoya.

Nikafunga dirisha. Bomba likaanza kupata moto chini ya kiganja changu, kwa sababu feni ile bila ziwa haikuwa kitu. Nikalifungua. Bomba likatulia kidogo, na visubi wakamwagika upya. Kitinda mimba alileta brashi ya viatu akawa anasugua mapezi, lakini miili yao ina maji, ilisagika ikawa kama uji na kuzidi kuziba. Nikafunga tena. Nikafungua tena. Nyuma yangu vijana walikuwa wakishangilia na kukohoa.

"Zima," nilimwambia ndugu yangu.

"Fundi, ni fainali," mtu alisema. "Tumelipa."

Ndugu yangu hakubishana. Aliinuka na kunyoosha mkono, lakini kulikuwa na watu wawili kati yake na swichi, na alipokuwa akiwapita, wale wachezaji wa mpira kwenye skrini walisimama, kila mmoja na mguu wake hewani. Kisha mistari ikapita juu yao. Kisha giza. Harufu ilikuja baadaye, harufu ya plastiki, nyembamba.

Yule mzee wa duka la taipureta aliitazama mashine Jumatatu. Alitoa kile kijisanduku changu cha shaba, akakigeuza, akauliza nani alichomelea, akasema ni kazi safi. Kisha akatuonyesha kipande kilichokuwa chini yake, kimebadilika rangi, na ubao ulioungua kukizunguka. "Hii imekwisha, beta," alimwambia ndugu yangu, akimwita mwana kwa lugha yake. "Yote. Hata ya kutoa vipuri hakuna." Hakuwa na nyingine ya kutoa bure, na sisi hatukuwa na ya kununulia.

Betri ilirudi siku chache baadaye, imechajiwa. Baba mdogo aliileta mwenyewe, ameifuta vumbi. Nilimweleza yaliyotokea kwa maneno machache, na sikumlaumu. Alitazama zile feni mbili nene mezani, zimeunganishwa na kava la debe.

"Kitu hufa, nyathina," alisema. "Hata watu wanakufa."

"Ndiyo, baba."

"Nitakuja shule zikifungwa."

Nilijaribu. Niliwasha moto kibandani kabla fundi yeyote hajafika, nikaokota rejeta za shaba majalalani nikaziuza kama vyuma chakavu. Nilifua nguo za watu upande wa Milimani. Ndugu yangu aliacha kwenda shule bila kuniambia, akawa anabeba mizigo sokoni, na nilipomkuta huko na gunia la mtu mgongoni nilimpiga kofi mbele za watu, kisha nikambebea upande mmoja wa gunia mpaka linakokwenda. Usiku wa ugali bila mboga tuliuita wa sherehe. Halafu zikaja siku za uji. Kisha mwenye nyumba akaja kudai kodi, na mlango niliobisha kumwomba atusemee ulikuwa wa baba mdogo. Hapo nilikuwa nimeshavunja neno langu, na sote wawili tulijua.

Alikuja na pikapu ya kuazima. Hakuwa na haraka, wala hakunikumbusha kitu. Ndugu yangu alibeba sanduku lake la bati na zile karatasi zake. Aliniuliza kama achukue feni.

"Za nini?" nilisema.

"Sijui."

Aliziacha. Kitinda mimba alidhani tunakwenda wote. Alikuwa ameketi mbele karibu na dirisha, amenihifadhia nafasi kwa kuweka mkono wake juu ya kiti. Baba mdogo alipopanda upande ule mwingine, mtoto alimwambia, "Hapo ni pa dada." Nikafunga mlango kutoka nje. Alitazama kiganja chake, akakiondoa.

Mwaka uliofuata nilikwenda Usenge kila nilipoweza. Mara ya kwanza nilimkuta kitinda mimba ufukweni, ameinama kati ya wanawake, akigeuza omena walioanikwa juu ya nyavu kuukuu. Shangazi hakuwa mbaya kwake. Mtoto alikuwa ameongezeka mwili, mikono imejaa magamba ya omena hadi kwenye viwiko. Alinyanyuka aliponiona.

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukuona."

Alifikiri. Akatazama nyuma yangu, barabarani, kama kwamba huenda aliyekuja kumchukua yuko nyuma. Kisha akainama tena akaendelea kugeuza, kuanzia pale alipoachia, akitandaza kwa vidole vilivyofunguka.

"Sogea kidogo, dada," alisema. "Unakanyaga."